Nikafungua, Nikakuta

Kitabu cha kiwanda cha kutengeneza Land Cruiser za miaka ya 1990 kina sarufi moja tu: amri. Fungua. Toa. Pima. Badilisha. Kisha rudisha kwa kufuata hatua zilezile kinyumenyume. Ndani yake hamna nafsi, hamna mahali, hamna mvua. Anayesemeshwa ana sakafu ya saruji, seti kamili ya spana, na gari ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuligusa.

Fundi wa gereji ya chini ya mti, pale Haydom au Katesh, hasemi hivyo. Muulize namna ya kutoa pampu ya maji, atakujibu: unamwaga maji kwanza, unalegeza belti, unatoa feni, unakuja hapa, unakutana na nati zake. Yote ni "una-". Hakupi amri, wala hakuelezi kama mwalimu aliye mbele ya ubao. Anazungumza kana kwamba umeshaanza kazi, mikono yako ina oili tayari, naye amechuchumaa pembeni anakutazama.

Kuna sarufi ya tatu, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Ni "-ka-" ya masimulizi. Nikafungua, nikakuta, nikasafisha, nikarudisha, ikakataa. Ndivyo lilivyoandikwa daftari la baba yangu mkubwa, kaunta buku la kwaya mbili lenye jalada lililolowa dizeli, linalokaa kwenye droo ya dashibodi ya gari lake huko Dongobesh. Nasoma shahada ya uzamili ya Kiswahili, na kwa miaka miwili nimefundishwa kuchambua riwaya na tenzi. Nataka kulisoma daftari hili kwa macho yaleyale, maana ushauri wa kutunza gari la kifahari lililozeeka ni utanzu. Una kanuni zake, una waongo wake, na una kazi chache zilizo bora.

Gari lenyewe ni Land Cruiser VX, lile umbo la duara lililoanza kutengenezwa mwaka 1990. Watanzania tuliliita shangingi. Tukumbuke kwamba neno hilo lilikuwa la kumsimanga mwanamke mjanja asiye na haya, kabla halijahamia kwenye magari ya wakubwa. Kwa hiyo ndani ya jina mna tuhuma mbili, moja kwa kiongozi anayepita na vioo vyeusi, nyingine kwa wanawake ambao hawakuhusika kabisa. Shangingi likichoka serikalini huenda mnadani. Linavuliwa namba za STK, linavalishwa namba ya T kama gari la mtu yeyote, na mwalimu mstaafu anaweza kulinunua kwa kiinua mgongo chake. Hapo ndipo utanzu ninaousema unapoanza. Shangingi jipya halihitaji ushauri, lina bajeti.

Kasoro kubwa ya kitabu cha kiwanda ni kwamba kinaamini saa. Badilisha mkanda wa taimingi baada ya kilomita kadhaa, kinasema, na taa itawaka kwenye dashibodi kukukumbusha. Vizuri sana. Lakini gari lililopita mikononi mwa madereva saba wa wizara lina kilomita ngapi? Mita yake ilikufa lini, na ilifufuliwa na nani, kwa namba gani? Baba mkubwa aliandika ukurasa wa kwanza kabisa: "Mita inasema 212,000. Siiamini. Nimeanza kuhesabu leo." Sijui sentensi tatu za Kiswahili zinazofungua kitabu kwa uaminifu kuliko hizo. Zinamwambia msomaji kwamba msimulizi hana historia ya mhusika wake, na kwamba historia itaanzia pale anapoifahamu.

Chukua beringi za konrodi. Injini ya dizeli yenye tabo iliyowekwa kwenye VX za mwanzo, ile ya lita 4.2 inayoitwa 1HD-T, inajulikana duniani kote kwa udhaifu huo: beringi huchakaa mapema kuliko zinavyopaswa, na ukisubiri mpaka zigonge, umechelewa. Kitabu hakikuonyi. Ni wenye magari, nchi moja baada ya nyingine, waliofungua sampu wakakuta shaba inaonekana, wakaambizana. Maarifa hayo yalizaliwa kama hadithi, na mpaka leo yanasafiri kama hadithi. Katika daftari yana kurasa nne, na nitasema wazi kwamba ni kurasa za kuchosha: vipimo, majina ya maduka, beringi iliyokuja ikiwa ndogo, iliyorudishwa, iliyokuja tena. Mhariri angezikata. Mimi nisingezikata, kwa sababu mtu mwenye injini hiyo atazisoma kama barua kutoka nyumbani.

Palipo na utamu kwangu ni suala la joto, kwa sababu hapo ushauri unabadilika kulingana na mahali ulipo. Ushauri maarufu kuliko yote katika gereji zetu ni huu: gari likichemsha, toa thamostati utupe. Ni rahisi, haugharimu kitu, na fundi anaondoka akionekana mjuzi. Pengine ulianzia kwa madereva wa Pwani, sina ugomvi nao. Lakini Mbulu iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai asubuhi watu huvaa makoti mawili. Injini ya dizeli isiyo na thamostati huko haipati joto lake la kazi, inakula mafuta, inatoa moshi mweupe mpaka saa nne. Isitoshe, thamostati za aina hii zina kizibo cha pili upande wa chini ambacho, injini ikipata moto, hufunga njia ya mkato ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka bila kupoa. Yaani dawa inaweza kuongeza ugonjwa.

Jambo lingine linalosahaulika ni mfuniko wa rejeta. Katika mwinuko wa Mbulu maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ni shinikizo linaloshikiliwa na mfuniko, na mfuniko uliolegea ambao Tanga ungevumilika, huku unakuacha njiani. Daftari linasema hivi: "Nikabadilisha mfuniko tu. Ikaacha." Halafu mstari mtupu. Halafu: "Fundi alishataka nipasue injini." Nimesoma hadithi fupi nyingi zenye mwisho dhaifu kuliko huo.

Maji nayo yana jiografia. Ukishuka kuelekea Hanang, kwenye ardhi ya Ziwa Balangida ambako watu huokota chumvi ufukweni, si kila maji yanayopatikana kando ya barabara yanafaa rejeta. Baba mkubwa hubeba galoni la maji ya mvua ya bati. Kitabu cha kiwanda kingeandika "tumia maji yaliyochujwa" kisha kipite. Daftari linataja bati la nani.

Wenzetu wa Marekani wana vitabu viwili ambavyo kila anayeandika juu ya matengenezo hulazimika kuvisalimu. John Muir alichapisha mwaka 1969 mwongozo wake wa kutunza Volkswagen, ulioandikwa kwa ajili ya mtu asiyejua lolote, kwa utani na kwa sauti ya rafiki. Huyo angeelewana na fundi wa Haydom, wote wawili wanachuchumaa karibu na wewe. Kisha mwaka 1974 akaja Robert Pirsig na safari yake ya pikipiki. Kuna tukio mle ambalo wengi hulikumbuka: usukani wa pikipiki ya BMW ya rafiki yake umelegea, Pirsig anataka kukata kipande cha kopo la bia kiwe shimu, na rafiki anakataa. Pikipiki ya thamani namna ile ifungwe kwa kopo? Pirsig anajenga falsafa juu ya kukataa huko.

Naliona tukio hilo zuri na pia naliona la mtu aliyeshiba. Mbulu hakuna wa kukataa kopo. Gasketi hukatwa kwenye boksi, bushi huchongwa kwenye tairi kuukuu, na hakuna anayejiona mwanafalsafa kwa sababu hiyo. Anataka gari litembee kabla ya mnada wa ng'ombe. Na kwa kuwa kopo limekuwa kawaida, kinachohitaji ujasiri wa kifikra kwetu ni kulikataa pale linapostahili kukataliwa. Swali la ukosoaji, kwa ushauri wa kwetu, ni kama unajua mpaka wake uko wapi.

Mpaka uko Magara. Barabara inayotoka Mbulu kwenda Mbuyu wa Mjerumani inaangukia ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona ambazo abiria wageni huzipita wamefumba macho. VX tupu ina uzito wa zaidi ya tani mbili, na VX ya Mbulu haiendi tupu. Hapo mafuta ya breki yanageuka kuwa mada nzito kuliko injini. Mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani mwaka hata mwaka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike angalau nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu, kiwango kinachodaiwa ni 140 tu. Yakichemka yanatoa mapovu, na pedali inazama mpaka chini kama unakanyaga sponji. Gari linaweza kuwa lilipita gereji asubuhi hiyohiyo, likasifiwa.

Nimesikiliza ushauri mwingi wa mafundi juu ya magari haya. Juu ya nguvu, umejaa. Juu ya kupunguza ulaji wa mafuta, umefurika. Juu ya kubadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili hata kama hakuna kilichoharibika, ni mchache mno, kwa sababu hauna tukio. Masimulizi hupenda kilichovunjika. Udhaifu wa sarufi ya "nikakuta" ndio huo, na daftari nalo linao. Kwa miaka sita ya mwanzo breki zinatajwa pale tu zilipopiga kelele. Kisha ghafla, mwaka wa saba, inatokea sentensi ambayo si ya masimulizi: "Mafuta ya breki yabadilishwe kila Januari ya pili, liwe linasimama vizuri au halisimami." Imepigiwa mstari mara mbili. Kilichotokea kabla yake hakikuandikwa. Nilimwuliza. Alisema, "Mwanangu, tulikuwa tunampeleka mtu Arusha. Tulifika." Akanyamaza, nami nikaacha.

Nina lawama moja ya kweli juu ya daftari. Fedha zinapoingia, msimulizi hujificha kwenye kauli ya kutendwa. Nikafungua, nikakuta, nikapima. Halafu beringi "zikanunuliwa", tairi "zikaletwa". Na nani? Pembeni mwa kurasa kuna herufi ndogo: "g 2 vs", "g 1 vs". Ni magunia ya vitunguu swaumu. Mama mkubwa ana shamba upande wa Bashay, na swaumu yake ndiyo iliyonunua kila spea ya thamani tangu kiinua mgongo kilipoisha. Yeye ndiye anayeshika tochi usiku. Katika kurasa zaidi ya mia hajapata kitenzi hata kimoja.

Kurasa za Desemba 2023 nazisoma kwa taabu. Tarehe 3 mwezi huo tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Jamaa yetu alibaki na uhai, na pikapu iliyozama tope mpaka kwenye kioo. Baba mkubwa alikwenda. Alichoandika ni hiki kwa ufupi: usiwashe. Maji hayabanwi, yakiwa ndani ya silinda nawe ukapiga staa, konrodi inapinda. Toa plagi za kupashia, zungusha injini kwa mkono, maji yatoke. Mwaga oili ya giaboksi na difu. Ikiwa kama chai ya maziwa, mwaga tena. Ni ushauri sahihi kabisa, na huko amerudi kwenye amri, lugha ya kiwanda. "Nikakuta" haimo hata mara moja. Wiki ile huko Katesh, watu walikuwa wanakuta mambo mengine.

Sasa gari linauzwa. Mnunuzi ni mfanyabiashara wa Singida, ameshalikagua, ameshatoa nusu. Aliliona daftari kwenye droo na anataka lije na gari. Anasema bila hilo anashusha bei. Mwalimu wangu chuoni anataka nilichukue niliandikie tasnifu. Mimi naona mnunuzi ana haki zaidi yetu, maana beringi za mwisho ziliwekwa kwa kipimo ambacho hakipo popote ila ukurasa wa 61. Nimepiga picha kila ukurasa na msimamo wangu nimeueleza. Mama mkubwa amekataa. Anasema hesabu za swaumu zake zimo mle, na hajalipwa.