Geuza Zulia Uone Pamba

Watu wengi hulisifu zulia la Uajemi kwa upande wake wa juu: wekundu wake, maua yake, na ule ulaini unaomfanya mgeni avue viatu kabla hajaambiwa. Mimi ni mtu wa Simiyu, na kwetu pamba ndiyo inayosomesha watoto, kwa hiyo zulia huligeuza kwanza. Nyuma ya zulia la Kashan, Tabriz au Isfahan, ukifuata matamvua, utaona ni ncha za nyuzi nyeupe zinazopita sambamba ndani ya mafundo toka mwanzo hadi mwisho wa zulia. Nyuzi hizo si sufu. Ni pamba.

Sababu ipo. Mtande, yaani nyuzi za wima zinazokazwa kwenye kitanda cha kufumia kabla fundo la kwanza halijafungwa, hubeba mvuto wa kazi nzima kwa miezi, pengine kwa mwaka na zaidi. Sufu huvutika. Ukiikaza leo, wiki ijayo imelegea, na zulia litashuka kitandani likiwa limekwenda upogo. Pamba iliyosokotwa sawasawa hukaa pale ilipokazwa. Ndiyo maana karakana za mijini nchini Iran ziliipa pamba kazi ya kubeba, na sufu zikaiachia kazi ya kuonekana. Wafugaji wa kuhamahama, Waturkmeni, Wabaluchi na Waqashqai, kwa kawaida walitumia sufu juu na chini, kwa kuwa kondoo walikuwa nao na shamba la pamba hawakuwa nalo. Ukitaka kukisia kama zulia limezaliwa hemani au mjini, anzia kwenye matamvua.

Sasa fundo lenyewe. Mfumaji hukaa mbele ya kitanda kilichosimama wima, vifurushi vya sufu ya rangi vikining'inia juu ya kichwa chake. Hushika nyuzi mbili za mtande. Akifunga fundo la Kituruki, sufu hulala juu ya nyuzi zote mbili, ncha zake zikazunguka nyuma na kutokea pamoja katikati. Akifunga la Kiajemi, sufu huzunguka uzi mmoja mzima na kupita nyuma ya wa pili tu, hivyo ncha moja hutokea kati na nyingine pembeni. La kwanza ni gumu na hushika sana. La pili hubanana zaidi, na linamwezesha fundi kuchora shina la ua lililopinda bila kuonekana ngazi ngazi. Huvuta chini, hukata kwa kisu, na vidole tayari vimeshafika kwenye jozi inayofuata. Safu ikitimia upana mzima, hupitisha mshindio, yaani uzi wa kukingama, mara nyingi miwili, mmoja umekazwa na mwingine umelegezwa, kisha hugonga kwa chanuo zito mpaka safu ikae. Halafu mkasi husawazisha manyoya. Halafu safu nyingine.

Mwenye mkono mwepesi hufunga mafundo 8,000 hadi 10,000 kwa siku. Zulia la mita 2 kwa 3, lenye mafundo 400,000 katika kila mita ya mraba, lina mafundo 2,400,000. Kwa mtu mmoja wa mafundo 8,000, hizo ni siku 300 kamili, bila Ijumaa, bila kuugua, bila msiba wa jirani.

Mipaka ya nchi haikusaidii sana kujua nani hufunga fundo gani. Tabriz ipo Iran, lakini fundo lake ni la Kituruki, na mafundi wake hulivuta kwa ndoana ndogo yenye makali kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Fundo la Kiajemi nalo, wafanyabiashara wamelipachika jina la Senneh, mji ambao leo ni Sanandaj, na wafumaji wa huko hufunga la Kituruki! Sijapata kuona biashara nyingine inayoishi kwa raha namna hii na majina yaliyokosewa. Mazulia mekundu ya Waturkmeni, yenye safu za pembe nane zinazojirudia, yaliitwa ya Bukhara kwa sababu tu yaliuzwa huko.

Mji ninaoupenda kwa sababu za kimkoa ni Nain, pembeni mwa jangwa la kati la Iran. Watu wa Nain walikuwa wafumaji wa majoho ya sufu laini waliyovaa wanaume wa heshima. Serikali ya Reza Shah, mtawala wa Iran, ilipowalazimisha wanaume kuvaa mavazi ya Kizungu, soko la majoho likaanguka, na mafundi waliozoea uzi mwembamba kuliko wenzao wote wakahamia kwenye mazulia. Wakachagua rangi za baridi: maziwa, buluu, kahawia ya mchanga, na hariri kidogo kuzunguka maua. Lakini tazama wanavyopanga madaraja. Zulia la Nain huuzwa kwa kuhesabu nyuzi za pamba zilizosokotwa pamoja kufanya uzi mmoja wa mtande: tisa, sita, au nne. Zikiwa tisa, uzi ni mnene na mafundo ni machache. Zikiwa nne, uzi ni mwembamba, mafundo yanabanana, na bei inapanda. Mnunuzi hushika tamvua moja, hulifumua kwa kucha, na kuhesabu. Maua yote yale, na bado hukumu hutolewa na pamba.

Mkulima wa kwetu Itilima au Meatu ataelewa hapo bila kuelezwa zaidi. Yeye hukaa juu ya turubai akitenganisha pamba safi na fifi, akiokota majani na vikonyo, kabla ya kupeleka mzigo kwenye chama cha ushirika, AMCOS. Uchafu ule ukipita, uzi hutoka na vinundu, mahali panene na mahali pembamba, na penye wembamba ndipo hukatika. Mtande ukikatika katikati ya zulia, fundi hana budi kuuunga, na kiungo hicho utakigusa kwa kidole hata miaka 50 baadaye.

Kuna mitindo mingi nitakayoipita haraka. Kashan ina duara kubwa la katikati, nyekundu na buluu, unadhifu usiochosha. Isfahan na Qom ni za kutundikwa ukutani na watu wenye fedha; Qom hasa, kwa hariri yake inayong'aa, hunivutia kwa dakika moja tu. Heriz ni habari nyingine. Wafumaji wa vijiji vile vya kaskazini-magharibi walipoletewa michoro ya mijini yenye mizunguko, waliinyoosha: mduara ukawa pembe, shina la ua likawa mstari uliovunjika, na kilichotoka kina nguvu kuliko kile walichoiga. Ningepewa nafasi ya kuchagua zulia moja duniani, ningechagua Heriz la zamani na kuwaachia wengine mafundo yao mamilioni. Wingi wa mafundo ni kipimo cha subira, si cha jicho.

Bijar, katika nchi ya Wakurdi wa Iran, hufumwa kwa ukali. Mshindio mnene hulowanishwa, hupitishwa kati ya safu, kisha hugongwa kwa chanuo la chuma mpaka hakuna nafasi iliyobaki. Linapokauka, zulia huwa gumu hata ukijaribu kulikunja linakataa. Wauzaji huliita zulia la chuma na huonya: liviringishe, usilikunje, mtande utakatika. Vijiji vya Hamadan navyo hupitisha mshindio mmoja tu baada ya kila safu, kwa hiyo ukigeuza unaona vitone vyeupe vya pamba vikipishana nyuma yote. Ni alama rahisi kuliko zote kwa anayeanza kujifunza.

Mchoro hufikaje kwenye vidole? Mfugaji wa hemani anao kichwani. Mama alimfundisha binti kwa kumkalisha pembeni. Mjini kuna karatasi ya miraba, kila mraba fundo moja. Katika baadhi ya karakana mtu mmoja alisoma karatasi hiyo kwa sauti ya kughani, akiita rangi na idadi, na wafumaji waliopangana mbele ya kitanda wakaitikia kwa mikono. Mwaka 2010 UNESCO iliuweka ufumaji wa Kashan na wa Fars katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, na mwaka 2019 ikafuata kazi ya Waturkmeni.

Rangi za kale zilitoka shambani. Nyekundu kwa mizizi ya mmea wa rubia, buluu kwa nili, manjano kwa maganda ya komamanga, kahawia kwa maganda ya jozi, na shabu ya kuzishikiza. Chungu kikiisha, kinachofuata hakilingani nacho kabisa, na kwenye zulia hutokea mkanda wa buluu uliofifia kidogo kisha ukakolea tena. Wenyewe huita abrash. Mnunuzi mgeni hudhani ameuziwa kitu kibovu. Kwangu ni bora kuliko rangi ya kiwandani iliyolala sawa toka pindo hadi pindo kama ukuta uliopakwa rangi jana.

Zulia maarufu kuliko yote lipo London, katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Ni la Ardabil, lenye tarehe iliyofumwa ndani yake: mwaka 946 wa Hijria, yaani 1539 au 1540. Lina urefu wa mita 10 na nusu, upana wa zaidi ya mita 5, na mafundo yapatayo milioni 26. Jumba lililinunua mwaka 1893 kwa pauni 2,000, baada ya mbunifu wa nakshi William Morris kulitolea ushahidi wa ubora wake. Leo limelazwa ndani ya kioo, na taa huwashwa kwa dakika chache tu kila nusu saa ili rangi zisiliwe na mwanga. Mtande wake, nasema kwa shingo upande, ni wa hariri.

Uzuri huu una upande mchafu. Vidole vidogo hufunga fundo dogo kwa urahisi, na kwa muda mrefu karakana za India, Nepal na Pakistan ziliwatumia watoto, wengine wakifanya kazi kulipia deni la wazazi. Iqbal Masih, mvulana wa Pakistan aliyetoroka kitanda cha mazulia na kuanza kusimulia yaliyomo, aliuawa mwaka 1995. Kailash Satyarthi wa India alianzisha alama ya kuthibitisha zulia lisilofumwa na mtoto, na mwaka 2014 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Anayesifu kazi ya mikono aulize pia mikono ya nani.

Kwetu fundo hili halikuota, na sababu ya kwanza inatembea barabarani: kondoo wa Usukuma ana nywele fupi, hana sufu ya kukata. Kenya, kwenye baridi ya Nanyuki chini ya mlima, wanawake husokota sufu na kufuma mazulia, ingawa yale ni ya mshindio bila fundo. Lakini ufumaji wa pamba tulikuwa nao. Wafipa walifuma nguo nzito za pamba, na msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita Unyamwezi miaka ya 1857 na 1858 aliwakuta wafumaji kazini. Kitambaa cha merikani kikawashinda kwa bei. Leo Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, ndio unaoongoza nchini kwa zao hilo, na sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huondoka ikiwa marobota, haijasokotwa. Sitadai kwamba pamba ya kwetu Dutwa imo ndani ya zulia la Nain. Iran inalima yake. Nasema tu kwamba mali ghafi tunaijua.

Mazulia yenyewe pwani iliyajua zamani, yakija kwa majahazi ya Ghuba msimu wa kaskazi. Bibi Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anaeleza vyumba vilivyotandikwa zulia la Uajemi au mkeka laini ulio bora kabisa. Vyote viwili vilistahili sebule moja.

Yanayofika kwetu Bariadi sasa, msikitini na sebuleni, mengi ni ya mashine, nyuzi zake za plastiki, kutoka Uturuki, Misri au China. Hayana ubaya, yanafulika. Ubaya ni yanapouzwa kwa bei ya mkono. Kwa hiyo ukiwa Mwanza au Kariakoo, usikubali kuoneshwa upande mmoja. Geuza. Nakshi ya nyuma iwe wazi karibu sawa na ya mbele, na mistari isinyooke kupita kiasi. Tenga manyoya kwa vidole gumba uone fundo kwenye shina lake. Fuata tamvua mpaka liingie ndani ya zulia. Ukikuta limeshonewa ukingoni kwa cherehani, na muuzaji bado anaapa kwamba kazi ni ya mkono, mwachie zulia lake ununue mkeka wa Pemba. Huo una hakika umesukwa na mtu.