Wikendi Mpanda: Jamani, Nendeni Mkale!

Jamani, jamani, jamani! Acha unachofanya, vuta kiti, nisikilize vizuri, maana vidole vyangu bado vinanukia moshi na ndimu na wala sina mpango wa kuvinawa. Nimetoka Mpanda! Ndiyo, Mpanda hiyohiyo ya Katavi, mji ambao ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakwenda huko kula bata anakuangalia mara mbilimbili, anakuuliza Zanzibar imejaa au vipi. Mwache acheke. Akimaliza, mpandishe basi, mshushe Mpanda Ijumaa jioni, muwekee mgebuka mbele yake, halafu tuone hicho kicheko kitapita wapi na mdomo umejaa.

Mgebuka! Naanza na mgebuka kwa sababu kitu kingine kikitangulia nitakuwa nimemkosea heshima. Huyu ni samaki wa Ziwa Tanganyika, mrefu, mwembamba, anang'aa, anayevuliwa huko mwambao wa Karema na Ikola kisha anaparamia magari na pikipiki kuja mjini. Nililetewa mzima, kichwa na mkia, amekaangwa mpaka ngozi inalia ukiigusa. Ukiipasua tu, mvuke puuu! usoni! Ndani nyama nyeupe, laini, ya moto, yenye mafuta yake yenyewe, tamu tamu tamu, hata kumeza unaona ni hasara. Pembeni ugali unaofuka, kachumbari yenye vitunguu vikali, pilipili mbuzi ndogo iliyokaa kimya kumbe ina nia mbaya. Nikakamua ndimu. Nikanyamaza. Mimi, ninayejulikana kwa domo, nikanyamaza! Na bado! Mama aliyenipikia akarudi na kibakuli ambacho sikukiagiza, akaniambia onja na huyu: mgebuka aliyekaushwa kwa moshi, akarudishiwa uhai ndani ya mawese, mchuzi mwekundu, mzito, unaonukia kuni na ziwa kwa pamoja. Nilitaka kumwomba anipe kazi hapo hapo, hata ya kuosha vyombo.

Sasa nikupe siri, na hii ndiyo ya kuishika kuliko yote. Mpanda usiende na orodha ya mahali. Ukimuuliza bodaboda hoteli nzuri iko wapi, kwa heshima yake kwako atakupeleka penye vigae vinavyoteleza na viti vyenye nailoni, ukale chipsi kavu zilezile ulizozikimbia kwenu. Muulize hivi: leo kimeingia nini? Utaona mtu anabadilika! Anazima pikipiki, anafikiri, anampigia mwenzake kelele ng'ambo ya barabara, wanabishana. Mmoja anasema samaki aina ya kuhe wameshuka mchana, mwingine anasema achana na kuhe, kuna mtu kachinja mbuzi Makanyagio. Ghafla una washauri wanne na njaa maradufu. Panda nyuma, shikilia vizuri, vumbi utalipangusa mbele ya safari.

Swali hilo lina nguvu kwa sababu Mpanda umekaa kama mtu aliyeketi katikati ya sinia: popote anaponyoosha mkono anakuta tonge. Magharibi kuna ziwa. Kusini kuna mabonde ya Mpimbwe na mchele wake. Mashariki, Mlele na Inyonga, misitu ya miombo inayodondosha asali. Kaskazini inatoka reli, tawi linalochepuka Kaliua kwenye njia ya Tabora na Kigoma, lililojengwa enzi za Mwingereza kufuata madini ya risasi. Watu wa Kigoma wanajitapa na mwisho wao wa reli, haya, tumewasikia, lakini hapa nako reli inakoma, na inakoma panaponukia! Na bado! Mji huu una kata nzima inayoitwa Mpanda Hotel. Kata nzima! Mji wa namna hiyo utakulazaje njaa?

Asubuhi ya Jumamosi usilale. Nakusihi kabisa, usilale. Amka kiza kikiwa bado kinasitasita, fuata masufuria yanayotoa moshi karibu na stendi, uagize supu. Mimi nilipewa ya mbuzi, nyepesi kwa macho, nzito kwa roho, ina mfupa unaochungulia juu ya bakuli, ndimu, chumvi, pilipili, na chapati ya moto iliyokunjwa mara nne. Bakuli linachoma viganja, mvuke unakupiga kope, pua inafunguka, akili inafunguka, hata madeni yanaonekana yatalipika. Aliyekaa jirani yangu alikuwa na makongoro, anavuta ule ulaini wa kwato kwa sauti, macho kafumba, hana habari na dunia. Nikaagiza na makongoro. Usinihukumu!

Kisha nenda sokoni, nenda Buzogwe, hata kama huna cha kununua. Mvua za kwanza zilikuwa ndiyo kwanza zimegusa ardhi nilipofika, na soko zima lilikuwa limelewa harufu. Uyoga wa porini! Mafungu kwa mafungu, mwingine mpana wa kufunika kiganja, una udongo bado shingoni. Kumbikumbi wa kukaanga, wenye mafuta, wanaopasuka kaa! kaa! chini ya jino, chumvi kidogo tu, huwezi kuacha. Maembe yanayochuruzika hadi kwenye viwiko. Matobolwa ya viazi vitamu ya kutafuna huku unatembea. Karanga, maharage ya rangi zote, dagaa wanaometameta. Na mchele, we! Chota, nusa, utaelewa mwenyewe.

Utamu wa soko hili ni kwamba jiko la kila mtu limehamia hapa. Wabende, Wakonongo na Wapimbwe ndio wenyeji wa nchi, Wafipa wamepanda kutoka Sumbawanga, Waha wameshuka kutoka Kigoma, Wasukuma wamekuja na ng'ombe wao na nsansa zao, zile mboga za majani zilizokaushwa, na nje kidogo ya mji kuna Katumba, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1972 kwa wakimbizi wa Burundi, ambao wengi wao leo ni raia wa Tanzania na mikono yao katika muhogo na maharage, acha tu. Mchana huo nilikaa kwenye benchi la mama lishe mmoja nikala uyoga uliopikwa na karanga za kusaga, juu ya wali mweupe unaonukia mpaka barabarani. Uyoga unateleza, unatafunika kidogo, una utamu wa nyama usio na nyama, karanga zinaufunika kwa ulaini... nilikomba sahani mpaka nikaona maua yaliyochorwa chini yake. Na bado! Akanichotea ukoko. Ukoko wa bure!

Usiku sasa. Vaa viatu vya kuchezea, maana Mpanda wa Jumamosi usiku haukai. Huu ni mkoa kijana, umekatwa kutoka Rukwa mwaka 2012 tu, na ujana wake unausikia kwenye spika! Ingia baa yoyote ya uani, ile yenye miti, viti vya plastiki na jiko la mkaa linalofuka pembeni. Usikae kwanza. Nenda dirishani kwa muuza nyama, iangalie inaning'inia, nyoosha kidole: hapo, mbavu, hapo hapo, usitoe mafuta! Inapimwa, inakatwa, inatupwa motoni, na ile cheche ya kwanza ya mafuta kwenye makaa ndiyo inayokufungulia wikendi rasmi. Hii ni nchi ya ng'ombe, nyama haikutoka mbali, utaisikia inavyojibu jino. Inakuja kwenye sinia, chumvi kifungu pembeni, ndizi za kuchoma zilizoungua kidogo kwenye kingo, vijiti vya meno, na mhudumu anakuuliza lile swali zuri kuliko yote nchini: baridi au ya moto? Baridi, dada yangu, baridi sana! Chupa inatoka inalia jasho. Mezani pa jirani mzee mmoja kaagiza ya moto, anainywa kwa utaratibu, anatutazama sisi wa baridi kwa huruma.

Kitu kimoja ukijue: mara nyingi mwenye jiko na mwenye baa ni watu wawili, kwa hiyo nyama lipia kwa mchomaji na kinywaji kaunta, na beba noti ndogondogo ili pasiwe na longolongo. Basi. Baada ya hapo ni raha tupu. Kwenye televisheni Simba na Yanga wanabishaniwa hata siku ambayo hawachezi, zilipendwa zinawainua wazee, kidogo kidogo bongo fleva, halafu, bila onyo, singeli! Viti vinasogezwa! Aliyenichomea nyama ameacha koleo lake, yuko katikati, anakata mauno na aproni yake! Na bado! Mwenye kaunta naye akatoka.

Jumapili, ukiwa bado unaweza kutembea, shika barabara ya kusini kwenda Sitalike. Siyo mbali hata kidogo. Pale ndipo mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, na pale ndipo mto Katuma umelala na viboko wake. Nasema viboko wake, wengi, wanene, wamebanana, wanaguna, wanapiga miayo ya kutisha, wanasukumana kugombea maji. Tulikaa kijijini, sahani ya wali na kuku wa kienyeji mkononi, tunakula huku wao wananguruma hoooh hoh hoh, sauti inaingia mpaka kifuani, hata kijiko kinatetemeka! Kuku mwenyewe ana misuli, ana hadithi, mchuzi wake umekaa motoni muda mrefu hadi mifupa imetoa siri zote. Muagize mapema, unapofika tu, ndipo ukatazame viboko, kwa sababu kuku huyo huenda bado anakimbia. Ila giza likiingia ondoka kabisa kando ya mto. Ndizo saa zao za kutoka majini kwenda malishoni, na hawapishi mtu.

Halafu niliteremsha yote na juisi ya ukwaju, chachu, baridi, inayokunja uso kisha inakuchekesha. Na hapa mkwaju si mti tu! Hifadhi na mkoa vimebeba jina la Katabi, ambaye wenyeji humsimulia kuwa mwindaji wa kale ambaye roho yake inakaa kwenye mkwaju mmoja karibu na Ziwa Katavi, na wawindaji huacha sadaka hapo kuomba heri. Kunywa ukwaju ukiwa umeshapewa kisa hicho, halafu uniambie kama hukusisimka.

Asali nimeiweka mwisho makusudi, maana nikiianza sinyamazi. Katavi ni nyuki! Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda, mzaliwa wa huku huku, aliifanyia kampeni asali hadi nchi nzima ikamjua kwa mizinga yake. Nilionja ya nyuki wakubwa, ya rangi ya kahawia iliyokolea, nzito, yenye moshi kwa mbali na joto linalobaki kooni. Nikadhani nimefika. Wapi! Wakanipa ya nyuki wadogo, wale wasiouma: nyepesi, inatiririka, ina uchachu wa tunda, inakushtua ulimi kabla haijaubembeleza. Nilipiga kelele mbele za watu. Na bado! Kuna wanzuki, pombe ya asali, yenye povu dogo, tamu ya kinafiki, inayokwenda chini kwa adabu zote halafu inakusubiri usimame. Kunywa ukiwa umekaa na ukiwa na wa kukurudisha.

Ukitaka kupanga tarehe, lile swali letu la kimeingia nini linasaidia hata hapa. Wavuvi wa dagaa hutumia taa usiku, kwa hiyo giza la mwezi ndilo lenye neema na mbalamwezi inawapumzisha. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuvuliwa tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, basi miezi hiyo ulizia kwanza kabla ya kuja na hamu ya mgebuka. Lakini hata ziwa likipumzika, bonde halipumziki, msitu haupumziki, mchoma nyama ndiyo kabisa. Kila msimu una zamu yake ya kukunenepesha!

Na njia siku hizi haikupi kisingizio. Lami inakuja kutoka Tabora, barabara nyingine inakuja kutoka Sumbawanga, treni inakuja ikipiga honi, taratibu, ikikupa muda wa kuona njaa vizuri. Njoo na suruali ya kiuno kipana, njoo na dumu tupu la asali, na mwenzako mmoja mlafi wa kushindana naye, usije na haraka hata chembe. Mimi nimeshamwahidi yule mama wa mgebuka kwamba narudi na mtu anayejua kula, na nilipomwambia hivyo nilikuwa nakufikiria wewe. Sema basi, Ijumaa nikukatie siti ya dirishani?