Mbegu Hupakwa, Jani Hulindwa

Muuza pembejeo akikuambia bakteria wa pakiti yake "wanakula ukungu", muulize wanakutana nao wapi. Chule ya matango, ugonjwa wa ukungu, hushambulia jani. Bakteria hao hupakwa kwenye mbegu, na makazi yao ni mzizi.

Mwaka 1991 Wei, Kloepper na Tuzun wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, walijenga jaribio juu ya pengo hilo kati ya mzizi na jani. Walipaka mbegu za matango bakteria, wakaacha miche ikue, kisha wakaweka vijimbegu vya ukungu wa chule juu ya majani. Kati ya nasaba 94 za bakteria walizojaribu, 6 tu ndizo zilizopunguza ugonjwa. Wengi husifu zile 6. Mimi huzitazama zile 88 nyingine, kwa kuwa pakiti nyingi hutangaza jina la ukoo wa bakteria, na ukoo pekee hauhakikishi kinga.

Mwaka huo huo huko Uholanzi, van Peer na wenzake waliziba mwanya uliobaki: je, bakteria hawakupanda kimyakimya hadi shinani? Waliwatia kwenye mizizi ya maua ya kanesheni, wakaingiza ukungu wa fuzari kwenye shina, wakawasaka bakteria humo. Hawakuwamo, na mnyauko unaoletwa na ukungu huo ulipungua. Aliyepigana ni mmea wenyewe.

Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba ujumbe wa tahadhari ndani ya mmea hupitia njia za asidi ya jasmoniki na ethilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi. Mmea hautapanyi nguvu mapema. Hukaa macho, na ukungu ukitua hujibu upesi zaidi. Ugonjwa hupungua, haukomi.

Kwa mwenye kitalu cha nyanya Igogo, kati ya miamba na ziwa, jambo hili ni la kalenda. Awatie bakteria kwenye mbegu, au kwenye mizizi siku ya kuhamisha miche, kwani mmea huhitaji siku kadhaa kujiandaa. Akingoja madoa ya masika amechelewa. Asichanganye na mrututu wala dawa nyingine ya shaba katika bomba moja, maana shaba huua bakteria pia. Bakteria aina ya Bacillus huvumilia joto la duka la bati kwa kuwa hujifunga ndani ya spora; wale wa aina ya Pseudomonas hawana spora, kwa hiyo tarehe ya pakiti yao isomwe kwa makini.

Na aache mistari miwili isiyotiwa bakteria katikati ya iliyotiwa, kwa maji na mbolea ile ile, ahesabu madoa pande zote mbili.