Umeliona Wapi?

Nachingwea, kusini mwa Tanzania, inajua gharama ya haraka. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta, wakafyeka pori walime karanga, wakajenga na reli kutoka pwani. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Ardhi na mvua hazikuwa zimesomwa vya kutosha. Ustadi ninaousifu leo, huko huko Nachingwea na kwa jirani zake wa Ruangwa, hauna haraka: ni wa mwalimu wa Kiswahili anayefundisha kusoma kwa makini.

Tuchukue Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthiliya ya Edwin Semzaba. Ngoswe, karani wa sensa, anafika kijijini kuhesabu watu, anampenda Mazoea, na Mzee Mitomingi, baba wa binti, anazichoma karatasi zake. Muulize mwanafunzi kwa nini kazi ya sensa iliharibika, atakujibu "uzembe" kabla hujafunga mdomo. Jibu si lipo kwenye jalada! Mwalimu mwenye pupa atalitia vema, asonge mbele: dhamira, wahusika, muundo, mtindo.

Fundi wa kazi hii huuliza tu, "Umeliona wapi?" Halafu hunyamaza. Hapo ndipo penye ugumu, maana darasa likikaa kimya mwalimu huwashwa na ulimi. Akijizuia, kurasa zinaanza kufunuliwa. Mmoja anasoma kwa sauti maneno ya Mitomingi. Mwingine anadakia: kama mzembe ni karani, mbona karatasi zimechomwa na mzee? Sasa wanabishana na jina lenyewe la tamthiliya, na kila anayesema anatakiwa aonyeshe mstari.

Vitabu vikiwa haba, mwalimu hunakili kipande kifupi ubaoni. Uhaba siupambi hata kidogo, ila kipande cha ubaoni kina faida yake: hakuna wa kuruka mbele.

Mahali pa kunolea ustadi huu papo: jumuiya za ujifunzaji za MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), walimu wanapokutana shuleni kujadiliana kuhusu ufundishaji wao. Ningependa wajadili hasa swali lipi liliwarudisha watoto kwenye ukurasa, na lipi liliwafunga midomo.

Wapo watakaosema muhula hautoshi na mtihani unakuja. Kweli unakuja. Lakini swali la fasihi la kidato cha nne hudai hoja zenye mifano kutoka vitabuni, na aliyekariri notisi ataandika mifano ile ile ya jirani yake. Aliyebishana kuhusu zile karatasi ana mfano wake mwenyewe.