Mchanga wa Kisarawe, bustani ya Jangwani

Mvua kubwa ikishakatika, nenda Jangwani, Dar es Salaam, utazame chini ya daraja la Barabara ya Morogoro. Utakuta mchanga umejaa, njia ya maji imebaki finyu. Vijana wanauchota kwa sepeto, wanaurundika kando, lori linakuja kubeba. Mvua nyingine ikinyesha, shimo linajaa upya.

Mchanga huo haukuzaliwa Jangwani. Msimbazi, mto wa kilomita 35 hivi, unaanzia vilima vya Pugu wilayani Kisarawe, unashuka Gongo la Mboto, Vingunguti na Tabata, unamwaga baharini penye Daraja la Salenda. Njiani unapokea maji ya viwanda na ya machinjio ya Vingunguti; unapita na Tabata, ambako wakazi waliochoshwa na dampo walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 wakashinda. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waliopoteza makazi wakapelekwa Mabwepande.

Mwaka 2018 wahandisi, wapangaji miji, taasisi za serikali na wakazi wa bondeni walikaa vikao kwa miezi kadhaa wakichora upya bonde la chini. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 wa kutekeleza mpango huo; fedha za Hispania na Uholanzi zikafikisha jumla dola milioni 260. Msimamizi ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini.

Kiini cha kazi ni kuchimba na kujaza. Mto unapanuliwa na kuongezwa kina. Udongo unaotoka unapandishwa pembeni kuwa ngazi pana. Ngazi ya chini inakuwa bustani ya mji, inayoruhusiwa kufurika siku za masika. Ngazi ya juu, iliyoinuliwa kupita kimo cha mafuriko, inapata majengo. Daraja jipya la mita 390 linauachia mto nafasi ya kupumua. Aliyebuni hili amefikiri kama mkulima wa mpunga: ameyapangia maji mahali pa kulala. Hesabu yake nayo ni nzuri, kwa sababu udongo hausombwi mbali, na ardhi iliyoinuliwa inapata thamani ambayo bonde halijawahi kuwa nayo.

Mashaka yangu yako kwenye udongo wenyewe. Tafiti nyingi zimekuta metali nzito kwenye maji na kwenye mboga za bonde hili, kama ule mchicha tunaonunua sokoni. Tope lililokaa chini ya mto wa viwanda kwa miongo kadhaa haliwezi kutandazwa mahali watoto watakapocheza kabla halijapimwa sehemu kwa sehemu. Lililoathirika lizikwe chini kabisa, na safi lije juu. Kazi hiyo ni ya kuchosha, haina picha ya kupiga siku ya uzinduzi, lakini afya ya bustani iko hapo.

Halafu kuna Kisarawe. Kila mti unaokatwa kwa mkaa pembezoni mwa msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, kila kiwanja kinachosafishwa kwa greda mlimani na kuachwa wazi, kinaongeza mchanga Jangwani. Mpango wa bonde unalitambua hilo. Unataja upandaji miti na vizuizi vya kunasa mashapo huko juu. Ningependa vitangulie bustani. Mto uliochimbwa chini ilhali mlima unaendelea kumomonyoka utadai kuchimbwa kila mwaka, na mkopo ukiisha sijui nani atalipia mitambo.

Ugumu ni mipaka. Chanzo kiko Mkoa wa Pwani, mafuriko yako Dar es Salaam. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ndiyo inayovuka mpaka huo, na ndiyo ingefaa kuweka kituo cha kupima mashapo juu ya Gongo la Mboto, takwimu zake zisomwe na halmashauri za pande zote mbili. Cha pili kiwekwe Mto Mpiji. Nao unatoka vilima hivyohivyo, ukipakana na Kibaha, ambako viwanda vinaongezeka na kingo bado hazijabanwa.