Filme ya 1977 iko wapi?

Siku ya posho jioni niliangalia 4K77 kwenye ordinatere ya rafiki. Ni Star Wars ya George Lucas, vile watu waliiona ndani ya sinema mwaka 1977. Mtaniuliza: si kila mtu iko nayo? Hapana. Ile yenye kuuzwa leo si yenyewe.

Mwaka 1997 Lucas aliitoa tena akiwa amebadilisha mambo mengi. Mfano, kule baani: mbele, Han Solo alimpiga Greedo risasi yeye peke yake. Katika ile ya 1997, Greedo ndiye anaanza. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini inageuza mtu. Han wa kwanza alikuwa mjanja wa kuogopwa. Wa pili anajitetea tu. Mwaka 2006 ile ya zamani ilitoka kwenye DVD kama nyongeza, picha hafifu.

Basi wapenzi wake wakatafuta kopi za milimita 35 zilizopita ndani ya sinema, wakazipitisha kwenye skana, wakasafisha. Sehemu kubwa imetoka kwenye kopi moja ya Technicolor. Hiyo rangi yake inadumu. Kopi nyingi za wakati ule ziligeuka nyekundu.

Kazi ni nzuri? Mi nasema ndiyo, pamoja na kasoro zake. Mikwaruzo imebaki, na mahali penye giza huoni vizuri. Picha ina punjepunje, lakini hizo punje ndizo filme yenyewe. Wangezifuta zote, sura za watu zingekuwa kama plastiki.

Shida iko kwenye haki. Hawa watu hawakupewa ruhusa na wenye filme, na hilo siwezi kulificha. Lakini Lucas mwenyewe, mwaka 1988, alisimama mbele ya wabunge wa Marekani kukataa filme za zamani zisiharibiwe. Mwaka 1989 filme yake ikaingia kwenye orodha ya taifa ya filme za kuhifadhiwa. Sasa kwa nini ya kwanza ifichwe?

Sisi wa agronomia tunajua: kuboresha mbegu si kosa. Kosa ni kuleta mbegu mpya na kutupa ile ya zamani, juu siku moja utaihitaji na hutaiona tena. Mtunzi abadilishe anavyotaka, ila ya kwanza nayo ipatikane. Akikataa, wengine wataichunga bila kumuuliza, na mi sitawalaumu.

Ninyi mnaonaje?