Hesabu ya Kikapu cha Ukindu Katika Maonesho ya Kwanza

Kikapu cha ukindu huanza kugharimu siku nyingi kabla ya kufika kwenye meza ya maonesho. Majani machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunuka, huanikwa juani hadi yawe meupe, huchanwa membamba, na mengine huchemshwa pamoja na rangi. Ndipo husukwa ukili mrefu, unaoshonwa mzunguko kwa mzunguko hadi kikapu kisimame. Msukaji wa Bagamoyo au Kisarawe aliyezoea kumuuzia mchuuzi anayepita mlangoni hana sababu ya kuzihesabu hatua hizo, kwa kuwa bei huitaja mchuuzi. Akikodi meza kwa mara ya kwanza, iwe kwenye maonesho ya wajasiriamali wadogo mkoani au viwanja vya Sabasaba katika Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, bei huitaja yeye. Kosa kubwa la mara ya kwanza hutokea hapo, kabla mteja hajafika.

Chukua mfano wa hesabu. Ukindu, rangi na uzi wa kikapu kimoja vimegharimu shilingi 6,000. Kusuka na kushona kumechukua saa 10, na msukaji ameamua kwamba saa moja ya mikono yake ni shilingi 1,500. Hiyo ni 15,000. Kodi ya meza, nauli ya mzigo na chakula cha siku za maonesho ni 100,000. Akitarajia kuuza vikapu 25, kila kimoja kinabeba 4,000. Jumla ni 25,000. Sasa tuseme ameona jirani akiuza kwa 18,000, naye akashusha bei ili asipitwe. Ukiondoa malighafi na gharama za meza, zinabaki 8,000 kwa saa 10 za kazi. Vikiuzwa vikapu 10 tu badala ya 25, mzigo wa meza kwa kila kikapu unapanda hadi 10,000, na malipo ya mikono yanashuka hadi 2,000, yaani shilingi 200 kwa saa. Hesabu hii inauma, na kwa sababu hiyo ifanywe nyumbani kwenye daftari, mapema, wakati bado inawezekana kugawana meza na msukaji mwingine au kuahirisha hadi maonesho yenye kodi nafuu.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoamua mzigo wa kubeba. Vikapu vikubwa pekee humwacha nje mtu mwenye shilingi 5,000 mfukoni, hali amesimama, amevishika na amevipenda. Vipepeo, kawa za kufunikia chakula na vikapu vidogo vya kuwekea funguo humpa huyo kitu cha kuondoka nacho, na mara nyingi mauzo yao ndiyo hulipa kodi ya meza.

Kabla ya kufungasha, kila kipande kikaguliwe. Ukindu uliohifadhiwa na unyevu huota ukungu, hasa baada ya masika, na harufu yake haifichiki. Kuanika tena juani kwa siku moja au mbili husaidia. Rangi hujaribiwa kwa kusugua kitambaa cheupe chenye maji kidogo. Kikapu kinachochuja kisiuzwe kabisa, kwani kikishachafua nguo ya mteja mmoja, habari zake huenea kwa wengi.

Mezani, tatizo la mgeni ni kuweka kila kitu bapa kama biashara ya kuanika chini. Mpita njia huangalia usawa wa macho yake. Kamba iliyofungwa kwenye nguzo za banda, au makasha yaliyofunikwa kanga isiyo na maua mengi, huinua vikapu hadi huko, na vidogo hubaki mbele mkononi mwa mnunuzi. Bei iandikwe kwenye kila kipande, maana wapo wanunuzi wenye haya ambao huondoka kuliko kuuliza. Lakini hakuna kinachoeleza bei vizuri kuliko msukaji mwenyewe kukaa na ukili mkononi, akiendelea na kazi. Anayeona vidole vikipitisha ukindu mmoja baada ya mwingine huanza kuuliza kinachukua muda gani, na jibu la kweli, saa 10, hufanya kazi ambayo maneno matamu hayawezi.

Chenji iandaliwe tangu jana yake: sarafu za 500 na noti za 1,000 na 2,000 za kutosha. Lipa namba ibandikwe mahali panapoonekana, na bidhaa itoke baada ya ujumbe wa malipo kuingia kwenye simu ya muuzaji, si baada ya kuonyeshwa simu ya mnunuzi.

Kupatana bei ni sehemu ya soko, na muuzaji asikasirike. Anachohitaji ni bei ya mwisho iliyoamuliwa nyumbani, pamoja na njia ya kutoa nafuu bila kuigusa: kupunguza kwa anayechukua viwili, au kuongeza kipepeo juu ya kikapu kikubwa.

Wenye maduka nao hupita, na swali lao ni bei ya jumla. Hapa furaha inaweza kuwa hatari. Oda ya vikapu 40 ni saa 400. Msukaji mmoja anayefanya kazi saa 6 kwa siku ataikamilisha kwa zaidi ya siku 66. Kabla ya kukubali, ajue ni wasukaji gani watakaogawana kazi, wote washone kwa kipimo na rangi zilizokubaliwa kwenye sampuli moja, na malipo ya awali yatoshe kununua angalau ukindu na rangi ya oda yote. Jina la mteja, idadi, ukubwa, tarehe ya kupeleka na fedha iliyotangulizwa viandikwe pale pale mezani, na mnunuzi aondoke na nakala yake.